Wananchi wa Mazoezi

Mwogeleaji hufundishwa majini, mpishi hufundishwa motoni, na kinyozi mwanafunzi hana budi kupewa kichwa cha mtu. Na kiongozi je, hufundishwa wapi? Waasisi wa ile shule ya juu ya kilima walilikalisha swali hili mezani pao muda mrefu, wakalizunguka, wakalipiga chenga, mwisho wakakubali kwamba halina jibu jingine: kiongozi hufundishwa juu ya watu. Basi walijenga madarasa kule juu, wakapandisha bendera za nchi zote za bara, wakawaita vijana wenye akili kutoka kila pembe, wa kaskazini kwenye mchanga na wa kusini kwenye baridi, ili siku moja wawe marais na mawaziri na majaji wasiofanana na hawa tulionao. Kisha wakashuka bondeni wakajenga mtaa. Nyumba arobaini, visima viwili, soko, na zahanati isiyo na dawa. Wakatafuta watu wa kuishi humo na kutawaliwa.

Watu hao waliitwa wananchi wa mazoezi, na Sikujua binti Mlekwa alikuwa mmoja wao.

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Kila Jumatatu asubuhi gari la shule lilishuka na sanduku la kadi, na kila mwananchi akavishwa kadi yake shingoni. Kadi ndiyo iliyokuambia wewe ni nani wiki hiyo. Sikujua alikuwa amewahi kuwa mkulima wa pamba, mjane wa vita, mkimbizi, mchuuzi aliyebomolewa kibanda, hakimu mla rushwa, mpiga kura asiyejua kusoma. Vijana walishuka na suti zao ndogo na madaftari yao, wakamtawala mpaka Ijumaa, filimbi ikapulizwa, kadi zikavuliwa, watu wakapanga foleni ya mgawo: unga, maharage, mafuta, kipande cha sabuni. Ndiyo maisha. Kuna watu wangapi duniani wanaotawaliwa bila hata kipande cha sabuni?

Lakini kadi ina hila zake. Ukiivaa wiki nzima, haivuliki yote. Mbao za nyumba za mtaa zilikuwa za kung'olewa na kupachikwa upya, leo nyumba, kesho kambi, keshokutwa wizara, na baada ya muda watu nao wakawa hivyo. Sikujua aliweza kuwa anapepeta mchele, mara machozi yakamtoka kwa ajili ya mume aliyeuawa kwenye Zoezi la Vita, mume ambaye hakuwahi kuwa naye. Aliikumbuka sura yake. Aliukumbuka mpaka ukali wake. Umri wake mwenyewe ndio uliomponyoka. Pale bondeni miaka haikuhesabiwa kwa miaka, ilihesabiwa kwa mazoezi, na wale vijana wa juu hawakuzeeka kamwe; waliokuwa na miaka kumi na saba waliondoka, wakaja wengine wenye miaka kumi na saba, wenye macho yale yale yanayong'aa na swali lile lile: "Mama, unahitaji nini kutoka kwa serikali yako?" Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiota mvi katikati ya ujana wao.

Kitu kimoja tu hakikutoka kwenye sanduku la kadi: mjukuu wake, Mwavita. Mama yake Mwavita alikufa siku ya kumzaa, akafa kufa kwa kweli, kule kusiko na filimbi. Sikujua alimlea mtoto kwa uji na kwa maneno. Mwavita alijifunza kusoma kwa karatasi za wanafunzi zilizopeperushwa na upepo kutoka kilimani: nusu ukurasa wa katiba, robo ya hotuba, ramani iliyochanika katikati ya ziwa. Alikuwa na miaka kumi na minne na alizungumza kama mtu aliyekatizwa kwenye mkutano.

Mwaka ule, kama ulikuwa mwaka, likaja Zoezi la Ukame.

Rais wa zoezi alikuwa kijana aitwaye Eyasu, mrefu, mpole, mwenye mikono ya mtu anayecheza kinanda. Alitoka nchi ya milima mirefu na alizungumza Kiswahili cha shule, kile kilichopigwa pasi, kisicho na kunjo hata moja. Baraza lake la mawaziri lilikaa siku mbili chini ya turubai. Siku ya tatu likatoa uamuzi: kisima cha pili kifungwe ili cha kwanza kipone. Mwalimu wa takwimu akawauliza, kwa uamuzi huo, watakufa wangapi? Wakapiga hesabu, wakairudia, mwisho wakapata wanne. Majina yakatiwa kwenye kofia.

Eyasu alikuja mwenyewe kumletea Sikujua kadi. Hakumtuma mtu.

"Mama, jina lako nani?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Ndilo jina langu, Kiongozi. Mama yangu hakujua kama ana mimba mpaka nilipocheza tumboni."

Kijana akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia usoni. Akageuza kadi. Juu yake palikuwa na neno moja: MAREHEMU.

"Baraza limejitahidi kupunguza," alisema. "Mwanzo walikuwa tisa. Naomba unisamehe, Mama."

"Usiniombe msamaha, mwanangu. Wewe ni kiongozi, mimi ni mwananchi. Ila niambie, mpaka lini?"

"Ijumaa. Kabla ya filimbi nitatia saini kuwarudisha wote."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Akalia. Si kilio cha kujionyesha, mabega yalitikisika. Mwalimu aliyesimama nyuma yake akaandika daftarini kwamba kiongozi amelia, tena kwa wakati wake.

Sikujua akaenda kwenye banda la marehemu, nyuma ya kisima kilichofungwa, banda la bati lililochorewa mstari wa chokaa mbele ya mlango. Masharti aliyajua. Marehemu hapokei mgawo, hapigi kura, hasalimiwi, wala hasemi neno linalotaka kujibiwa. Alikaa humo na wenzake watatu wakisukana nywele na kucheka kidogo kidogo, maana kufa kwa siku tatu ni likizo kwa mtu aliyechoka kuwa mwananchi.

Ijumaa mchana, jua likiwa kali, iliwekwa meza mbele ya banda. Eyasu akaketi na karatasi nne. Akasoma jina la kwanza, akatia saini, mtu akavuka mstari akiwa hai. La pili. La tatu. Hapo ndipo gari jeusi lilipoteremka kutoka kilimani kwa mwendo usio wa shule. Wanaume wawili wakashuka, wakamnong'oneza. Baadaye mtaa ulisikia kwamba kwao mambo yalikuwa yamegeuka: mjomba wake ameshika nchi na anawataka ndugu zake waliosoma. Lakini wakati ule Sikujua aliona tu uso wa kijana ukibadilika, kama mtu aliyekuwa akicheza bao na watoto kisha akaitwa kwenye bao la wakubwa. Eyasu aliitazama karatasi ya nne. Akafunika kalamu.

"Nitairudia," alisema, bila kujua anamwambia nani, akakimbilia gari.

Jioni filimbi ikapulizwa. Sikujua akavua kadi kama wengine, akashika foleni na mfuko wake. Alipofika mbele, mgawaji akapekua orodha mara mbili.

"Jina lako halimo, Mama Sikujua."

"Litakuwa limerukwa."

"Halikurukwa. Limeandikwa upande wa pili."

*

Ofisi ya shule ilikuwa na madirisha makubwa na ramani ya bara isiyo na mipaka. Msajili, Mwalimu Dorotea, mwanamke nadhifu mwenye miwani ya mnyororo, alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamwagizia chai. Sikujua alieleza shida yake yote. Mwalimu Dorotea alisikiliza bila kumkatiza. Ndivyo walivyofundishwa wote pale: kusikiliza ilikuwa somo, na lilikuwa na mtihani.

"Ninaelewa," alisema mwishoni. "Tatizo ni kwamba shule haitengui uamuzi wa kiongozi. Tukianza kuwasahihishia nyuma ya migongo yao, watajifunza nini? Watajifunza kwamba uamuzi hauna uzito. Kwamba mtu akifa kwa kalamu yao, kuna mkubwa mwingine atakayemfufua. Wewe ungependa kutawaliwa na mtu aliyefundishwa hivyo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umeona."

"Lakini mimi niko hapa. Nimekaa kwenye kiti chako. Nakunywa chai."

Mwalimu Dorotea akavua miwani, akaifuta, na bila miwani macho yake yalikuwa ya mtu mwema na mchovu. "Nakuona, mama yangu. Wallahi nakuona. Ila kuona si kazi ya ofisi hii. Ofisi hii inasajili."

"Basi nani anaweza?"

"Eyasu."

"Eyasu yuko wapi?"

"Ni mtu mkubwa sasa," alisema Mwalimu Dorotea, na sauti yake ikachanganya fahari na kitu kingine. "Tumemwandikia."

Sikujua alishuka kilima. Njiani alipishana na kundi la wanafunzi wakibishana kuhusu haki za binadamu. Walimpisha njia kwa heshima. Mmoja akataka kusema shikamoo, mwenzake akamvuta mkono.

Nimekufa. Sijafa. Mkono huu ni wangu, una harufu ya kitunguu. Ninahesabiwa wapi? Mtu ni nini, kama si yule anayetajwa wakati wa kugawa unga? Walinipa ujane nikauvaa, wakanipa ukimbizi nikaukimbia, sikuuliza. Leo wamenipa kitu nisichoweza kukirudisha. Pengine kosa ni langu. Pengine niliiga vizuri mno.

Jirani yake, Mzee Ngwembe, alikuwa na kadi moja tu tangu afike mtaani: MPINZANI. Alikuwa amezipinga serikali sabini na tatu, na karibu zote alizipenda. Sasa alikuja kila asubuhi, akasimama nje ya nyumba ya Sikujua, akausalimia ukuta.

"Ukuta, umeamkaje?"

"Ukuta umeamka salama," Sikujua alijibu kutoka ndani.

"Ukuta umekula?"

"Ukuta umekula jana."

Mzee Ngwembe hakuvumilia. Akaandika mabango, akakusanya watu kumi na wawili, akaandamana mpaka lango la shule. Kadi yake ilimruhusu kuandamana Jumanne, saa nane hadi saa tisa. Wanafunzi wa kidato cha tano waliletwa kutazama. Waliandika kila kaulimbiu, wakamwuliza maswali mazuri ajabu, na saa tisa kasoro dakika tano mwalimu akamshukuru kwa ushirikiano. Alirudi akiwa amepewa alama ya juu. Alikaa kizingitini pa Sikujua, akaegemeza bango, akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya upinzani, "Dada yangu, mimi sijui kupinga kwingine. Huku ndiko walikonifundisha."

Wakaishi hivyo, bibi na mjukuu, kwa mgawo wa mtoto mmoja. Mwavita aliugawa ugali kwa kisu kama anayepima shamba, na kipande kikubwa hakikuwa chake kamwe. Sikujua aliigeuza sahani kila mara. Wakagombana kwa ajili hiyo, halafu wakala.

*

Barua ilikuja siku ya upepo. Mwavita aliingia akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama maji.

Alikuwa amefanya mtihani wa kuingia ile shule pamoja na watoto wengine wa bara zima, bila kumwambia mtu. Hakuna mtoto wa mtaa aliyewahi kuchukuliwa. Lakini Eyasu, katika ripoti yake ya ukame aliyoiandika Jumatano ya wiki ile, alikuwa ameshauri kwamba kila uamuzi mgumu uache fidia, na shule, isiyotengua uamuzi wa kiongozi, ikatenga nafasi moja kila mwaka kwa yatima wa ukame. Waliokufa walikuwa wanne. Watatu walirudishwa. Yatima alikuwa mmoja.

"Bibi," Mwavita alisema, "wameandika sina mtu."

Sikujua akaichukua barua ingawa hakujua kusoma maandishi madogo. Akaitazama nembo, ule mkono ulioshika mwenge.

"Watakupa kitanda chako peke yako?"

"Ndiyo."

"Na vitabu visivyochanika?"

Mwavita akaanza kulia. "Siendi. Nitawaambia uko hai. Nitasimama katikati ya ukumbi wao niwaambie."

"Utawaambia nini wasichokijua? Mwalimu Dorotea amenipa chai."

"Basi siendi tu."

"Kaa chini," Sikujua alisema. "Kaa, mjukuu wangu. Hebu tufikirie kama watu wenye akili."

Lakini hawakufikiri. Walikaa tu wakishikana mikono mpaka chungu kikaungua.

Siku mbili baadaye, Mwavita akiwa kisimani, msichana mmoja wa shule alikuja mbio akitweta. Huyu alikuwa Lindelwa, rais mpya wa zoezi, mfupi, mchangamfu, mwenye kicheko kilichomtangulia kila alipokwenda. Alivuka kizingiti, jambo lililokatazwa, akaitandaza karatasi juu ya kinu.

"Mama! Amejibu! Eyasu amejibu! Nilimwandikia mara kumi na moja. Ona, saini yake hii hapa, na mhuri wa serikali yao kabisa. Weka kidole gumba hapa chini, ofisi ithibitishe kuwa ndiwe, na leo leo unakuwa hai."

Sikujua akautazama ule mhuri. Ulikuwa mkubwa, mwekundu, una mnyama asiyemjua.

"Nikiwa hai, binti yangu, yule yatima anakuwa nani?"

"Yatima yupi?"

"Yatima wa ukame."

Lindelwa alifungua mdomo. Alikuwa na akili nyingi. Ilimchukua muda mfupi tu kuliona lote. Kicheko kikamtoka kabisa, akaonekana mtoto, kama alivyokuwa.

"Tunaweza kuomba... Nafasi ni ya yatima, lakini tunaweza kuunda kamati, tukapendekeza..."

"Kamati itamaliza lini?"

Lindelwa akaitazama karatasi juu ya kinu.

"Shule inafungua lini?"

"Jumatatu."

Mzee Ngwembe alikuwa amesimama dirishani akisikia kila neno, naye akausahau ukuta. "Sikujua, weka kidole! Mtoto atapata njia nyingine. Mtu hawezi kukubali kufa kwa karatasi, hata kama ni kwa mtoto. Utakuwa umewapa haki wote waliotufanyia haya!"

"Njia gani nyingine, kaka yangu? Nionyeshe. Wewe umekaa hapa miaka mingi kuliko mimi, nionyeshe, nitaifuata."

Mzee Ngwembe alitazama kulia, akatazama kushoto, kana kwamba njia hiyo aliiweka mahali karibu.

"Marehemu haweki kidole," Sikujua alimwambia msichana, akaikunja karatasi kwa upole, akamrudishia. "Na huyu mjukuu wangu asijue kama hii ilikuja. Uniahidi."

Lindelwa aliahidi. Baadaye, katika ripoti yake, alijaribu kueleza kilichotokea, akafuta, akajaribu tena, na mwisho akaandika kwamba mara nyingine wananchi huwa hawajawa tayari kuzipokea haki zao. Alijua si kweli. Hakupata sentensi nyingine iliyotosha kwenye nafasi iliyoachwa.

Jumatatu Sikujua alimwogesha Mwavita kama mtoto mchanga, akampaka mafuta, akambana nywele. Walisimama kwenye mstari wa chokaa, maana nyumba sasa ilikuwa imehesabiwa kuwa tupu, na Sikujua alikuwa amehamia bandani kabisa.

"Nitakuja kila Jumapili," Mwavita alisema.

"Usije. Watakuona."

"Basi nitakupungia kutoka juu."

"Pale juu ni mbali, macho yangu hayafiki. Wewe soma. Ukishakuwa mkubwa..." Alitaka kusema utanirudisha. Akaiona sentensi ilivyo nzito kwa mabega yale membamba, akaipunguza. "Ukishakuwa mkubwa, ule vizuri."

Mtoto akapanda kilima. Hakugeuka nyuma, kwa sababu waliagana asigeuke.

*

Baada ya hapo siku zilifanana kiasi cha kutotofautishwa. Zoezi la Mpaka likapita, Zoezi la Uchaguzi likapita. Sikujua aliyasikia kwa mbali, kama mvua inayonyesha shamba la jirani. Watatu waliokufa naye walimwachia chakula nyuma ya banda, wakiweka chini na kuondoka. Mzee Ngwembe alimpa kuku wanne na kusema ni zawadi kwa bati. Kuna wakati alijiuliza kama kweli hajafa. Alijifinya, akasikia maumivu, lakini maumivu yanathibitisha nini? Wafu hawajawahi kuulizwa.

Asubuhi moja, saa nne hivi, alikuwa amekaa nje ya banda akipukuchua kunde kwenye ungo, alipoona mstari wa wanafunzi ukishuka. Kidato cha kwanza wote, arobaini, sare mpya, soksi nyeupe. Mwalimu kijana alikuwa pembeni na daftari. Mbele yao, akiwa na utepe mweusi begani, alikuja Mwavita.

Alikuwa amerefuka. Alitembea mikono ikiwa nyuma, kama wote wanavyofundishwa. Sikujua alitaka kusimama, akabaki ameuweka ungo mapajani.

Wakajipanga mbele ya mstari wa chokaa. Mwavita akafungua karatasi na kusoma, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba leo ni kumbukumbu ya ukame, kwamba taifa lisilowakumbuka wafu wake halina kesho. Alisoma vizuri. Hakuinua macho.

Mvulana mmoja mdogo mwenye alama za chale mashavuni akanyosha mkono. "Kiongozi, na huyu bibi aliyekaa hapa ni nani?"

Mwalimu aliinua kalamu.

"Ndiye marehemu," alisema Mwavita.

"Ana ndugu?"

Upepo ulipita kwenye bati. Sikujua akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, na akatikisa tena. Mwavita akamwona.

"Hana mtu," alisema.

Mvulana akaandika.

"Sasa tuinamishe vichwa," Mwavita alisema, "tumkumbuke kwa dakika moja ya ukimya. Hakuna anayeinua kichwa mpaka niseme."

Vichwa arobaini vikainama. Mwalimu naye akainama. Sikujua, aliyezoea kutii, akainamisha chake. Alisikia jua likimchoma shingoni, akasikia saa ya mtu ikigonga. Dakika ikapita. Ikapita nyingine. Mtoto mmoja akabadilisha mguu. Mwalimu akakohoa kikohozi cha kukumbusha. Ukimya ukaendelea, ukawa mrefu kuliko adabu, na Sikujua akainua kichwa.

Mwavita alikuwa anamtazama. Wote walikuwa wameinama isipokuwa wao wawili, na mtoto alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hayakuwa na pasi yoyote, mdomo umefungwa kwa nguvu, machozi yakishuka bila sauti mpaka kwenye utepe. Alikuwa amepewa uwezo mmoja tu asubuhi ile, wa kuumaliza ukimya, na hakuumaliza. Maadamu hakusema, bibi yake alikuwa mbele yake. Hatua nne. Hakuwa na uwezo wa kuzivuka.

Dakika ya nne. Ya tano. Mtoto wa mwisho mstarini akaanza kuyumba kwa jua. Sikujua alimwona, akaona soksi zake nyeupe, akawaza mama yake yuko nchi gani. Watoto hawa hawajanywa maji.

"Sema imekwisha, mjukuu wangu," alinong'ona, kwa sauti isiyovuka hatua zile nne. "Wataanguka hawa. Sema."

Mwavita akatikisa kichwa.

"Sema, mama. Sema."

Mtoto akavuta pumzi. Ilimchukua muda kuipata sauti, na alipoipata ilikuwa safi, imenyooka, haina kunjo.

"Imekwisha," alisema.

Vichwa vikainuka. Mwalimu kijana alipangusa jasho na kusema kwamba haujawahi kuwapo ukimya mzuri namna ile, akaandika jambo refu daftarini. Mstari ukageuka. Mwavita alikuwa tena mbele, mikono nyuma, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza, hapakuwa na namna ya kuchelewa.

Sikujua aliwatazama mpaka wakapinda kona ya kisima. Kisha akakumbuka ungo. Ulikuwa umeteleza kutoka mapajani bila yeye kujua, na kuku walikuwa wameshaimaliza nusu ya kunde. Alinyosha mkono awafukuze. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha, akawaacha wale.